Somo la Robo Hii: Wapiga Kura wa Kaunti ya Lowndes



Tunapopima maendeleo ya vijijini huwa tunahesabu visima, madarasa na zahanati. Ni mara chache tunauliza ni wangapi walijitokeza kupiga kura. Safari hii tumechagua kujifunza kutoka kaunti moja ya mashambani nchini Marekani, Lowndes katika jimbo la Alabama, ambako wingi wa watu na wingi wa kura vilikuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Mwanzoni mwa mwaka 1965 Lowndes ilikuwa na wakazi wapatao 15,000, na wanne kati ya kila watano walikuwa Weusi. Katika daftari la wapiga kura hapakuwa na Mweusi hata mmoja. Upande wa Wazungu, majina yaliyoandikishwa yalizidi idadi ya watu wazima waliokuwepo (yaonekana wafu nao hawakunyimwa haki yao). Mweusi aliyetaka kujiandikisha alikutana na mtihani wa kusoma, ofisi iliyofunguliwa siku chache kwa mwezi, na zaidi ya yote hasira ya mwenye shamba aliyekuwa akilima kwake.

Mwezi Machi mwaka huo John Hulett na wenzake walianzisha umoja wa Kikristo wa kutetea haki katika kaunti yao. Mikutano ilifanyika makanisani. Vijana wa chama cha SNCC, akiwemo Stokely Carmichael, walikuja kupita nyumba kwa nyumba. Tarehe 6 Agosti Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Mtihani wa kusoma ukaondolewa, na maofisa wa serikali kuu wakaja Lowndes kuandikisha watu.

Gharama ilikuwa kubwa. Tarehe 20 Agosti, mjini Hayneville, mwanafunzi wa theolojia wa Kanisa la Episkopali, Jonathan Daniels, alipigwa risasi akafa, na padre Mkatoliki, Richard Morrisroe, akajeruhiwa vibaya. Aliyefyatua risasi aliachiwa huru na baraza la mahakama lililokuwa la Wazungu watupu. Kabla mwaka haujaisha, familia zilizojiandikisha zilifukuzwa mashambani, zikahamia kwenye mahema kando ya barabara kuu namba 80.

Sehemu inayofuata tunaomba kamati ziisome polepole. Kuandikisha watu hakukuwatosha viongozi wa Lowndes. Waliunda chama chao cha kaunti, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, alama kwenye karatasi ya kura ilikuwa jambo kubwa. Walichagua chui mweusi. Wapinzani wao walikuwa na jogoo (si yule wa KANU), ambaye kwa miaka mingi, hadi 1966, aliandamana na maneno ya kutukuza ukuu wa Wazungu. Kisha walichapa vijitabu vya picha vyenye maneno machache, vikieleza sherifu hufanya kazi gani, mkadiriaji kodi ana mamlaka gani, na bodi ya shule huamua nini. Mkulima ambaye hajawahi kuingia ofisini alielewa kwa nini kiti kile kinamhusu. Sisi tunaona kazi hii ilizidi uzito hotuba zote. Je, katika parokia yako ni wangapi wanaojua diwani wao ana mamlaka gani hasa?

Uchaguzi ulifanyika tarehe 8 Novemba 1966. Wagombea wote saba wa chui walishindwa. Wa usherifu alipata kura 1,643 dhidi ya 2,320. Baadhi ya wenye mashamba waliwabeba vibarua wao hadi kituoni na kuwaambia wamchague nani, na hofu ya kukosa pa kulala si jambo la kubezwa. Lakini chama kilivuka asilimia 20 ya kura, kiwango kilichohitajika ili kitambuliwe kisheria. Mwaka 1970 Hulett mwenyewe akachaguliwa kuwa sherifu, akashika kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20.

Tangu hapo Lowndes huwapa Democrats kura nyingi. Mwaka 2020 Joe Biden alipata zaidi ya theluthi mbili. Hata hivyo mlango hubanwa tena kwa njia za kimyakimya. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Kaunti ya Shelby, Alabama, iliondoa makali ya sheria ya 1965. Baada ya jimbo kudai kitambulisho cha picha kituoni, mwaka 2015 lilitangaza kufunga ofisi 31 za leseni za udereva, ikiwemo ya Lowndes. Makelele yakapigwa, zikafunguliwa kwa siku chache.

Na choo je? Udongo wa kule ni mfinyanzi usionyonya maji, na mitambo inayofaa ni ghali, hivyo maji taka hutuama nyuma ya nyumba za maskini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta dalili za minyoo ya safura kwa zaidi ya theluthi moja ya watu 55 waliopimwa. Catherine Coleman Flowers, aliyekulia Lowndes, alilipigia kelele jambo hili kwa miaka. Mei 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia makubaliano na idara ya afya ya Alabama kulishughulikia. Aprili 2025, chini ya Rais Donald Trump, wizara hiyo hiyo iliyavunja.