Sarafu za Kwanza za Pwani Yetu: Nani Alizipiga, na kwa Nini?

Mtu anunuaye ndizi katika soko la Arusha huweza kuyataja malipo yake kwa majina manne: fedha, pesa, hela au shilingi. Majina hayo hayakuingia katika Kiswahili kwa siku moja. Fedha ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo ni jina la madini meupe ambayo sarafu zilitengenezwa kwayo. Pesa limetoka Bara Hindi. Hela limetokana na sarafu ya Kijerumani iliyoitwa heller, ambayo ilianza kutumika katika koloni la Wajerumani mwaka 1904. Shilingi ni jina la Kiingereza, na shilingi ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1921.

Kwa kuwa majina yote manne yana asili ya ng'ambo, wanafunzi wengi huhitimisha kwamba sarafu yenyewe ni kitu kilicholetwa na wageni, na kwamba kabla ya boma la Wajerumani kujengwa Arusha mnamo 1900 hapakuwa na watu wa Afrika Mashariki waliopiga sarafu zao wenyewe. Hitimisho hilo si sahihi. Ushahidi uliofukuliwa ardhini waonyesha kuwa watu wa pwani walipiga sarafu zao miaka zaidi ya elfu moja kabla ya boma hilo. Makala haya yaeleza ushahidi huo, jinsi unavyosomwa, na kwa nini sehemu kama mlima Meru zilifuata njia nyingine.

SARAFU NI NINI?

Yafaa kwanza kutofautisha sarafu na vitu vingine vilivyotumika katika kubadilishana mali. Ng'ombe, majembe ya chuma, shanga, vitambaa na chumvi vyote vilipata kuwa vipimo vya thamani mahali mbalimbali. Huko Buganda simbi za baharini zilienea sana katika biashara, hata leo neno la Kiganda la fedha ni ensimbi. Lakini vitu hivyo si sarafu. Sarafu ni kipande cha madini chenye uzito unaojulikana, kilichotiwa alama ya mamlaka fulani ili apokeaye asihitaji kukipima na kukichunguza kila mara. Kwa hiyo sarafu ina sehemu mbili: madini yanayoonekana, na ahadi isiyoonekana. Alama ndiyo inayoiunganisha ahadi na madini.

Kuna njia kuu mbili za kutengeneza sarafu. Ya kwanza ni kusubu, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu. Ya pili ni kupiga: kipande cha madini huwekwa baina ya mihuri miwili migumu, kisha hupigwa kwa nyundo hata maandishi yakaonekana pande zote mbili.

USHAHIDI KUTOKA ARDHINI

Katika kisiwa cha Pate, funguvisiwa la Lamu, kuna magofu ya mji wa Shanga. Uchimbuzi uliofanywa huko kati ya 1980 na 1988 chini ya uongozi wa Mark Horton uligundua sarafu ndogo sana za fedha katika tabaka za udongo za karne ya 9. Juu yake yamo majina ya wenye mamlaka, kama Muhammad na Abd Allah. Sarafu hizo hazikupigwa Baghdad wala Cairo, bali ni za pwani yenyewe.

Ushahidi wa pili ulipatikana mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Hapo palionekana hazina iliyofukiwa yenye sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizopigwa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za ng'ambo, baadhi zikiwa za watawala wa Kifatimi waliotawala Misri. Miongoni mwa majina yaliyomo katika sarafu za pwani ni la Ali bin al-Hasan. Wanahistoria humlinganisha mtu huyo na Ali anayetajwa katika habari za kale za Kilwa kuwa mwanzilishi wa nasaba ya Kishirazi.

Ushahidi wa tatu, ulio mwingi kuliko yote, ni sarafu za shaba za Kilwa Kisiwani na visiwa vya jirani kama Songo Mnara na Mafia. Hizi ziliendelea kutumika kwa karne nyingi, na wavuvi na wakulima wa huko wamekuwa wakiziokota hata katika nyakati zetu.

HAZINA ILIYOSAHIHISHA TAREHE

Sarafu za Kilwa zina kasoro moja kwa mwanahistoria: kwa kawaida hazina mwaka. Zina jina la mtawala na maneno ya kumtukuza Mungu, basi. Je, tarehe yake hupatikanaje?

Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960, alizilinganisha tabaka za udongo na vyombo vya kigeni vilivyomo ndani yake. Akakadiria kwamba Ali bin al-Hasan alitawala yapata mwaka 1200. Kadirio hilo lilikuwa na hoja nzuri kwa ushahidi uliokuwapo wakati huo.

Hazina ya Mtambwe Mkuu ilileta ushahidi mpya. Dinari za dhahabu zilizokuwamo zilikuwa na miaka yake, na ya mwisho kabisa ni ya miaka ya 1060. Hapa yafaa mwanafunzi afuate hoja hatua kwa hatua. Kwanza, hazina haiwezi kufukiwa kabla sarafu yake ya mwisho haijapigwa. Kwa hiyo hii ilifukiwa katika miaka ya 1060 au baadaye. Pili, kama ingalifukiwa baadaye sana, kwa mfano mwaka 1200, ingalitazamiwa kuwa na dinari za miaka ya karibu na huo, lakini hazikuwamo. Tatu, sarafu za Ali bin al-Hasan zilikuwa pamoja na dinari hizo. Basi Ali alitawala katika karne ya 11 au kabla yake, wala si mwaka 1200. Mwanzo wa dola ya Kilwa ukarudishwa nyuma kwa zaidi ya miaka mia moja.

Jambo hili lina funzo kubwa. Sarafu zile zilikuwa na maana hiyo kwa sababu zilikuwa pamoja mahali pamoja. Kama mtu angalizigundua, akauza dhahabu kwa sonara na kuwagawia watoto vile vipande vidogo vya fedha, ushahidi ungalipotea, ijapokuwa madini yasingalipungua hata chembe. Ndiyo sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huzilinda mali za namna hii, na ndiyo sababu mtu anayekuta sarafu ya kale anapaswa kuiacha pale ilipo na kutoa taarifa.

KAZI YA SARAFU ZA SHABA

Sarafu zinazopatikana kwa wingi Kilwa ni pamoja na zile za al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14 na kujenga jumba la Husuni Kubwa. Msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala alipofika Kilwa mwaka 1331. Upande mmoja wa sarafu yake umeandikwa jina lake kwa Kiarabu. Upande wa pili umeandikwa kwamba anamtegemea Mungu Mmoja, Mwingi wa Ukarimu. Pande hizo mbili zina kina kimoja, kama mishororo miwili ya ubeti. Aliyeishika sarafu aliweza kuisoma upande huu, akaigeuza, akaumaliza ubeti.

Wakati huo Kilwa ilisimamia biashara ya dhahabu iliyotoka bara kupitia Sofala. Dhahabu iliweza kupimwa kwa mizani na kupokewa nchi yoyote. Yapo hata machache ya vipande vya dhahabu vyenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Lakini shaba haikuwa na thamani kubwa kwa mfanyabiashara wa Aden au Gujarat. Ramani ya mahali sarafu za shaba zinapopatikana yathibitisha hilo: nyingi mno zimo Kilwa na visiwa vya karibu, na kadiri mtu anavyokwenda mbali ndivyo zinavyopungua. Moja ilipatikana katika magofu ya Zimbabwe Kuu. Tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na namna zilivyofika huko haijathibitishwa. Hizo ni za pekee. Sarafu ya shaba ilikuwa na nguvu pale tu ambapo watu walimjua na kumkubali aliyeandikwa jina lake.

MFANO WA VIETNAM

Hali ya namna hii ilitokea pia mbali na hapa. Nchi ya Vietnam ilitawaliwa na Wachina kwa karibu miaka elfu moja, ikitumia sarafu za Kichina. Baada ya kujitenga, Dinh Bo Linh alijitangaza mfalme mkuu mwaka 968, na kuanzia mwaka 970 zikasubiwa sarafu za shaba zenye jina la enzi yake. Umbo lake lilikuwa lile lile la Kichina: mviringo wenye tundu la mraba katikati. Hata maandishi yalikuwa ya Kichina. Kilichobadilika ni jina la mwenye kutoa ahadi.

Pwani yetu nayo ilitumia hati ya Kiarabu, na madini ya fedha yaliyotoka ng'ambo, kwa maana hapakuwa na mgodi wake pwani. Lakini jina lilikuwa la mtawala wa hapa. Basi uenyeji wa sarafu haupimwi kwa asili ya madini wala kwa asili ya hati. Hupimwa kwa swali moja: ni mamlaka ya nani inayoidhamini, na ni watu gani wanaoikubali?

KWA NINI MERU HAIKUPIGA SARAFU?

Kwa kipimo hicho yaweza kueleweka kwa nini Wameru na Waarusha hawakuwa na sarafu, ingawa misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilifika kaskazini katika karne ya 19 ikiwa na shanga, nguo na nyaya za chuma. Wakulima wa mitelemko ya Meru walibadilishana mazao na wafugaji wa Kimaasai wa nyikani, ambao wengi wao walikuwa jamaa au watani wa kibiashara waliojuana. Deni lilihifadhiwa katika kumbukumbu za watu, na akiba ilihifadhiwa zizini. Ng'ombe huzaa, shaba haizai. Sarafu hufaa zaidi mjini na bandarini, ambako mtu hununua kitu kidogo kwa mtu asiyemjua. Kutokuwa na sarafu, kwa hiyo, hakukuwa upungufu wa akili, bali ni kutokuwa na haja yake.

Sarafu ilipofika Meru haikuja kwa haja ya soko, bali kwa amri. Serikali ya Wajerumani ilidai kodi ya nyumba kwa rupia, na aliyekosa rupia alilazimika kuuza mifugo, mazao au nguvu zake ili azipate. Hapa ahadi iligeuka kuwa shurti. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilipofunguliwa na kutoa shilingi ya Tanzania, udhamini wa sarafu ulirudi tena mikononi mwa mamlaka ya wananchi.

KAZI YA DARASANI

Madini ya sarafu huweza kutambuliwa bila kuiharibu, kwa kutafuta densiti yake. Walimu waweza kufanya jaribio hili kwa sarafu za siku hizi.

1. Chukua sarafu 20 za aina moja, upate tungamo lake kwa mizani. Sarafu moja haitoshi, kwa kuwa ujazo wake ni mdogo mno kupimika vema.
2. Zitumbukize katika silinda ya kupimia yenye maji, usome ni sentimita za ujazo ngapi zimeongezeka.
3. Gawanya tungamo kwa ujazo. Linganisha jibu na densiti hizi, kwa gramu kwa sentimita ya ujazo: chuma 7.9; shaba 8.9, fedha 10.5, dhahabu 19.3.
4. Sogeza sumaku karibu na sarafu. Zikivutwa, je, rangi ya nje ni ushahidi wa kutosha juu ya madini ya ndani?

MASWALI

1. Kama dinari ya mwisho ya Mtambwe Mkuu ingalikuwa ya mwaka 1150, hoja juu ya Ali bin al-Hasan ingalibadilikaje?
2. Kwa nini sarafu ya shaba ya Kilwa ilipoteza nguvu kadiri ilivyosafiri mbali, na dhahabu haikupoteza?
3. Waulize wazee wa kijiji chako vitu vilivyotumika kulipia mahari, faini na mashamba kabla ya shilingi kuenea. Ni vipi kati ya hivyo vilikuwa akiba, na ni vipi vilikuwa vipimo vya thamani tu?