Picha za Kila Siku na Macho ya Jirani: Somo kwa Wapiga Picha wa Ridhaa wa Sakina

Kando ya barabara ya Namanga ipitayo Sakina, haipiti siku bila mtu kuinua simu apige picha. Dereva wa bodaboda huupiga Mlima Meru asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaufunika. Muuza ndizi humpiga mjukuu wake akiwa na sare mpya ya shule. Fundi seremala hupiga kabati alilolimaliza ili mteja wa kesho alione. Jioni picha hizo hutumwa kwa ndugu, kwa wanakikoba na kwa waumini wenzao. Hupongezwa kwa neno moja au mawili, kisha husahaulika.

Watu hawa hawajisomei upigaji picha chuoni wala hawalipwi kwa kazi hiyo. Ni wapiga picha wa ridhaa, na kata ina wengi kuliko inavyodhaniwa. Somo hili limekusudiwa kuwaonyesha jinsi picha zao za kawaida zinavyoweza kuinufaisha jamii. Hoja yake ni moja: picha huzaa matunda pale inapoambatana na maelezo ya kweli, na majirani wanapokaa pamoja kuitazama na kuijadili.

Funzo kutoka Mathare na Yunnan

Mwaka 1997, katika mtaa wa Mathare jijini Nairobi, kundi la vijana lilikabidhiwa kamera ndogo za plastiki za bei nafuu. Vijana hao walitoka katika Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, kijulikanacho kwa kifupi MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987. Chama hicho kilipata sifa kwa utaratibu wake wa kuunganisha soka na usafi: timu hujipatia alama za ligi uwanjani, na hujipatia nyingine kwa kuzoa taka mtaani.

Mradi wa picha uliitwa Shootback, na uliongozwa na mpiga picha Lana Wong. Vijana walipiga maisha yao wenyewe: nyumba zao, michezo, marafiki, kazi, maji machafu na sherehe. Kisha walikutana, wakazitazama picha hizo kwa pamoja na kuandika habari zake. Mwaka 1999 kazi zao zilitolewa kuwa kitabu. Mmoja wao, Julius Mwelu, alikua akawa mpiga picha wa habari, na baadaye akaanzisha taasisi ya kuwafundisha vijana wa Mathare upigaji wa picha na filamu. Mtaa uliozoea kupigwa picha na wageni ukapata watu wake wa kuueleza.

Miaka michache kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1992, Caroline Wang na Mary Ann Burris walifanya jambo la namna hiyo katika jimbo la Yunnan nchini China. Wanawake 62 wa vijijini walipewa kamera na kuombwa wapige maisha yao ya kila siku. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza ni watoto wachanga kuwekwa pembeni ya shamba huku mama zao wakilima. Kila mwanakijiji alikuwa akiliona jambo hilo, lakini halikuwa likizungumzwa vikaoni. Picha zilipojadiliwa na wanawake wenyewe, na hatimaye kuonyeshwa kwa viongozi, malezi ya watoto wakati wa kazi yakawa suala la kushughulikiwa.

Katika visa vyote viwili, kamera zilikuwa za kawaida na wapigaji hawakuwa mabingwa. Kilicholeta tofauti ni kikao kilichofuata baada ya picha.

Kupiga picha inayoeleweka

Kabla ya kikao lazima pawepo picha inayoonekana vizuri. Jambo la kwanza ni mwanga. Sakina iko karibu na Ikweta, na jua la mchana husimama juu ya utosi, likitia kivuli kizito machoni na kufanya rangi zipauke. Wakati mwafaka ni kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni. Anayempiga mtu ahakikishe kuwa jua liko nyuma ya mpigaji au ubavuni. Mtu akisimama huku anga nyeupe iko nyuma yake, simu huufuata mwanga wa anga, na uso wake hutoka mweusi usiotambulika. Penye mwanga mkali, kivuli cha mti au cha kibaraza huupa uso mwanga wa upole zaidi.

Jambo la pili ni umbali. Kitu kimoja kipigwe mara tatu: kwa mbali ili mahali pajulikane, kwa umbali wa kati ili kitu chenyewe kionekane, na kwa karibu ili undani wake uonekane. Kuvuta picha kwa vidole kwenye kioo huifanya iwe na chengachenga, hivyo ni vyema kusogea kwa miguu. Hata hivyo, asiwepo wa kusogea katikati ya barabara. Magari ya njia nne za Sakina hadi Tengeru hayamsubiri mpiga picha.

Jambo la tatu ni kipimo. Picha ya shimo peke yake haionyeshi kama lina kina cha kiganja au cha goti. Ndoo ya lita 20 ikiwekwa kandoni, kila mtazamaji huelewa bila kuambiwa. Na kabla ya yote hayo, lenzi ifutwe kwa kitambaa laini, kwa kuwa simu iliyotoka mfukoni ina vumbi na mafuta ya mkono.

Maelezo ya picha: mahali, siku na jambo

Picha isiyo na maelezo ni kama barua isiyo na jina la mwandishi wala tarehe. Picha ya mafuriko ya mwaka mwingine, au ya mji mwingine, ikitumwa leo bila maelezo, huwatia watu hofu bure. Vilevile humchosha mtumishi anayefuatilia tatizo ambalo halipo. Hivyo kila picha iandikiwe mambo manne: imepigwa wapi, siku gani na saa ngapi, inaonyesha nini, na nani ameipiga.

Ni kweli kwamba simu nyingi huhifadhi tarehe na mahali ndani ya picha yenyewe. Lakini picha inapotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa hizo huondolewa na ubora wa picha hupungua. Kwa sababu hiyo maelezo yaandikwe kwa maneno chini ya picha, na picha halisi ibaki kwenye simu ya aliyeipiga. Mahali patajwe kwa alama zinazojulikana, kama vile jina la mtaa, shule, kituo cha daladala au daraja.

Namna ya kuijadili picha

Tuchukulie mfano wa picha moja. Mama ameketi kando ya barabara na mikungu yake ya ndizi. Nyuma yake ni mtaro wa maji ya mvua, na juu ya mtaro kuna ubao anaoukanyagia wateja. Mbele kidogo bodaboda wawili wanasubiri abiria. Mlima unaonekana nusu.

Likiulizwa swali la kawaida, yaani kama picha ni nzuri, jibu litakuwa ndiyo, na mazungumzo yataishia hapo. Kikao chenye manufaa hufuata hatua tano, zinazokaribiana na zile zilizotumika katika kazi ya akina Wang.

Hatua ya kwanza ni kutaja kinachoonekana, bila kukihukumu. Mmoja ataziona ndizi, mwingine ataona kwamba mtaro umejaa chupa za plastiki na udongo. Macho mengi huona mengi, na mara nyingi aliyeipiga picha hakukiona kile ambacho jirani amekiona.

Hatua ya pili ni kueleza kinachotokea. Hapa mwenye kujua mahali hupata nafasi. Huenda mama mwenyewe akaeleza kwamba ubao aliuweka kwa sababu mtaro haukuachiwa kivuko, na kwamba asipouweka wateja hawafiki.

Hatua ya tatu ni kuuliza jambo hilo linawagusaje wakazi. Mtaro ulioziba mwezi Februari ni maji sebuleni mwezi Aprili, masika yakikolea. Nyumba zilizo chini ya barabara ndizo hulipia uzembe wa walio juu.

Hatua ya nne ni kutafuta chanzo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, lakini chupa na vifungashio vingine bado vipo. Je, taka zinatupwa na wapita njia, na wafanyabiashara, au zinaletwa na maji kutoka juu? Je, lipo mahali pa kuziweka? Katika hatua hii wazungumzaji wajihadhari na kumtwisha lawama mtu aliyemo pichani. Mama wa ndizi hakuuziba mtaro kwa sababu tu ameketi karibu nao.

Hatua ya tano ni kuamua la kufanya: lipi liko ndani ya uwezo wa majirani, kama kuzibua mtaro kwa pamoja, na lipi linahitaji mamlaka.

Utaratibu mmoja zaidi husaidia. Aliyeipiga picha anyamaze kwanza, azungumze mwisho. Akianza yeye kueleza, wengine huona kile alichowaambia waone.

Isidhaniwe kuwa picha za matatizo pekee ndizo zinazofaa kujadiliwa. Picha ya wazee wakicheza bao, ya mavuno ya mahindi au ya watoto wakitoka shule nayo ina maswali yake na furaha yake. Watu waliozoea kukaa pamoja kufurahia picha hawatapata tabu kukaa pamoja siku ya kujadili mtaro.

Stahi na sheria

Mpiga picha mwungwana huomba ruhusa. Kwa mzee, salamu hutangulia: shikamoo kwanza, kamera baadaye. Akikataa, shukrani zitolewe na simu irudi mfukoni. Mtoto asipigwe picha na kusambazwa pasipo idhini ya mzazi au mlezi. Mgonjwa katika zahanati, aliyefiwa na majeruhi wa ajali hawafai kugeuzwa habari za kutumiana.

Sheria nayo ina lake la kusema. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza taarifa za uongo kwa njia ya kompyuta au simu. Maeneo ya kijeshi na mengine yaliyowekewa ulinzi kisheria hayapigwi picha. Kwa upande wa haki za mpigaji, picha ni miongoni mwa kazi zinazolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Anayetaka kuitumia picha ya jirani katika biashara yake amwombe kwanza.

Picha ipelekwe wapi

Malalamiko mengi huchelewa kwa sababu yamefika mlango usio wake. Barabara kuu ya Namanga iko chini ya TANROADS. Barabara za mitaani na makaravati yake ni za TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Bomba lililopasuka linahusu AUWSA, mamlaka ya majisafi ya Arusha. Nguzo iliyoinama au waya uliolegea unahusu TANESCO. Taka zisizozolewa huanzia kwa uongozi wa mtaa na ofisi ya mtendaji wa kata, kisha Halmashauri. Mkazi asiyejua pa kuanzia aanze kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, akiwa na picha zake tatu na maelezo yake manne.

Kuhifadhi kwa ajili ya kesho

Faida ya mwisho ya picha huonekana baada ya miaka. Watafiti waliolinganisha ramani na picha za angani za Kilimanjaro walionyesha, katika utafiti uliotolewa mwaka 2009, kwamba asilimia 85 ya barafu iliyofunika mlima mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia mwaka 2007. Bila kumbukumbu za zamani, kipimo hicho kisingepatikana.

Sakina nayo inabadilika. Mashamba ya kahawa na migomba ya pembezoni mwa jiji yamekuwa yakipisha nyumba, na barabara imepanuka. Anayepiga leo, akisimama mahali palepale kila mwaka, anawaandalia wajukuu kumbukumbu ambayo hawataipata penginepo. Simu huibwa na huharibika, hivyo picha zenye thamani zihifadhiwe mahali pa pili, na chache zisafishwe kwenye karatasi, na maelezo yaandikwe nyuma kwa kalamu ya risasi.

Zoezi

Watu watano hadi wanane wa mtaa mmoja wakubaliane kwa wiki nne. Kila mmoja apige picha moja kwa wiki katika umbali wa mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwake, na kuiandikia mambo manne. Jumapili jioni, au siku yoyote inayowafaa, wakutane, wachague picha mbili na kuzipitisha katika hatua tano. Mwishoni mwa wiki ya nne wajiulize: kuna lolote mtaani tunaloliona sasa ambalo hatukuliona mwanzoni? Lolote litakalopatikana na linalohitaji mamlaka lipelekwe kwenye mkutano wa mtaa, likiwa na picha yake.