UTUMBO NAO HUONJA: MTOTO ANAYEHARISHA ASINYIMWE CHAKULA

Masika yanapofurisha vyoo vya shimo na kuchafua visima huku Gongo la Mboto, kuharisha kwa watoto huongezeka. Mara nyingi mama huambiwa na wakubwa wake: "Usimpe kitu, mwanangu, acha tumbo lipumzike." Ushauri huo hutolewa kwa upendo, lakini humdhuru mtoto. Tuone ni kwa nini.

Chembe zinazoonja

Utumbo si bomba la kupitishia chakula tu. Ukuta wake wa ndani umefunikwa na chembe hai zinazofyonza lishe. Kati ya chembe hizo, kama moja katika kila mia hutengeneza homoni. Hizo huonja kinachopita: sukari, mafuta au protini. Zikishatambua, hutoa homoni, yaani tarishi anayepeleka habari katika viungo vingine.

Tarishi wa kwanza aligunduliwa London mwaka 1902 na Bayliss na Starling. Walikata mishipa ya fahamu ya kipande cha utumbo wa mbwa, kisha wakatia asidi ndani yake. Kongosho ilitoa maji yake vilevile. Wakatambua kwamba ujumbe ulipita katika damu. Homoni hiyo waliiita sekretini.

Leo tunazijua nyingi. Kolesistokinini hutoka utumbo unapoonja mafuta na protini. Huamuru nyongo imiminwe. Peptidi YY hupunguza mwendo wa chakula na kuzuia maji yasimwagike ovyo ndani ya utumbo. Nyingine husaidia ukuta wa utumbo kukua na kujikarabati.

Chembe hizi zikikosekana

Mwaka 2006 madaktari wa Marekani walieleza habari za watoto watatu waliozaliwa karibu bila chembe hizi. Walipolishwa waliharisha vibaya mno, ingawa chembe za kufyonza walikuwa nazo. Mwaka 2020 watafiti waliwapa peptidi YY panya wenye upungufu huohuo, na kuharisha kukapungua.

Hapa ndipo penye fundisho. Chembe hizi hungoja chakula ndipo zitume tarishi. Utumbo mtupu haupati amri ya kufyonza vizuri wala ya kujikarabati. Mtoto aliyenyimwa chakula hudhoofu, na hukawia kupona.

Tufanye nini?

1. Mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi.
2. Apewe ORS, paketi moja katika lita moja ya maji safi na salama. Sukari iliyomo huingia katika ukuta wa utumbo pamoja na chumvi, na maji hufuata. Usipunguze wala kuongeza maji.
3. Aliyetimiza miezi sita aendelee kula kidogo kidogo, mara nyingi: uji, ndizi zilizopondwa, wali laini na maharage yaliyopondwa. Akipona, aongezewe mlo mmoja kwa siku.
4. Apewe vidonge vya zinki kama atakavyoelekezwa kituoni.
5. Awahishwe kituo cha afya akilegea, macho yakizama, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa, au kinyesi kikiwa na damu.

Maswali ya kujikumbusha

(a) Chembe zinazoonja hufanya nini chakula kinapofika?
(b) Kwa nini ORS ina sukari na chumvi pamoja?
(c) Utamjibu nini kwa heshima bibi anayesema tumbo la mtoto lipumzishwe?