Mzungu wa Kazi

Katika mwaka 1849 alizaliwa mtoto katika kijiji cha Rhynie, huko Uskochi, jina lake Alexander Mackay. Baba yake alikuwa mhubiri, naye alitaka mwanawe awe mhubiri pia. Lakini kijana alipenda kutazama chuma kikifuliwa. Basi akajifunza kazi ya mitambo mjini Edinburgh, kisha akaenda Berlin kuchora ramani za mashine.

Mwaka 1875 gazeti moja la London lilitoa barua ya Stanley, yule msafiri, iliyoandikwa Buganda. Alisema ya kuwa Kabaka Mutesa anataka walimu, wala hakutaka wahubiri tu, bali watu wawezao kufundisha kujenga na kulima na kuponya wagonjwa. Mackay alikubali kwenda kwa hiari yake, akaacha mshahara mzuri.

Mwaka 1876 wakasafiri watu wanane. Siku ya kuagana Mackay aliwaambia wakubwa wasishangae wakisikia, kabla ya miezi sita, kwamba mmoja wao amekufa. Na ndivyo ilivyokuwa: mmoja alikufa Unguja mwaka ule ule. Wawili wengine waliuawa Ukerewe mwaka uliofuata.

Mackay mwenyewe alifika ziwani mwaka 1878, akakuta mashua yao imeharibika. Akaitengeneza, akatweka pamoja na mwenzake. Tufani ikawatupa pwani, mashua ikavunjika. Basi wakaikata sehemu ya katikati, wakatumia mbao zake kuziba ncha mbili, wakaziunga pamoja. Ikawa mashua fupi, lakini ilifika Buganda.

Huko Natete akajenga karakana, akaweka fuawe, mivukuto, kerezo na jiwe la kunolea lizungukalo. Mwanzoni lugha waliyosikilizana ilikuwa Kiswahili, kwa maana wafanya biashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuifikisha mbele ya Kabaka. Vijana walikuja wengi. Wengine walitaka kusoma tu, na kazi ya mikono wakaiona ni ya watumwa na wanawake. Mackay hakubishana nao sana. Alikunja mikono ya shati, akapiga nyundo mpaka uso ukawa mweusi kwa moshi. Nasi tusiwacheke vijana wale, maana yuko hata leo mwanafunzi afichaye jembe akiona mgeni anapita. Watu wakampa jina la Mzungu wa Kazi.

Siku moja akachimba kisima, akatia bomba. Watu walipoona maji yakipanda juu wakastaajabu, wakasema mtu huyu ni mzimu. Akawaambia hakuna uganga hapo, akawaeleza jinsi bomba linavyovuta maji. Vile vile alichonga herufi, akapiga chapa karatasi za kusomea, na wanafunzi wake wakajifunza kazi ile.

Wala msidhani Waganda hawakuwa na ufundi. Mwaka 1882 alipokufa mama yake Mutesa, Kabaka aliagiza majeneza matatu, moja ndani ya jingine, na la nje kubwa kama kibanda. Mafundi wa Kabaka wakawekwa kumsaidia Mackay. Jeneza moja lilikuwa la shaba, na shaba yenyewe ilipatikana kwa kufua masinia mpaka yakawa bamba. Walifanya kazi usiku na mchana, karibu mwezi mzima, na kila upande ulikuwa na desturi yake ya kushika nyundo.

Mutesa akafa mwaka 1884. Mwanawe Mwanga aliwashuku wageni, na baadhi ya wanafunzi wa Mackay wakauawa. Mwaka 1887 yeye mwenyewe akafukuzwa, akavuka ziwa mpaka Usambiro, kusini. Huko akaanza tena: kuchoma matofali, kupasua mbao, kuunda mashua mpya. Mwaka 1889 Stanley alipita, akamwona kazini. Mackay hakuwa amerudi kwao tangu alipotoka, lakini alikataa kuondoka kabla hajapata wa kushika mahali pake.

Tarehe 8 Februari 1890 alikufa kwa homa, umri wake miaka 40. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mbao zile alizozipasua mwenyewe kwa ajili ya mashua.