Uaminifu Kazini Pasipo Mkaguzi

Somo: 2 Wafalme 5:15-27



Naamani alipotakaswa ukoma, Elisha alikataa zawadi zake, maana neema ya Mungu haiuzwi. Lakini Gehazi, mtumishi wake, alimfuata Naamani mbio, akasema uongo kwamba bwana wake amepata wageni, akapewa talanta mbili za fedha na mavazi mawili. Tuangalie vema: hakunyang'anya, alipewa kwa hiari. Kosa lake ni kwamba alitoza kilichotolewa bure. Naye Naamani alikuwa mgeni aliyeanza tu kumwamini Mungu wa Israeli.

Jambo hili latuhusu sisi wa Maparoni. Hapa deltani njia yetu ni maji, na mkaguzi haonekani kila siku. Boriti za mikoko huhesabiwa kwa korija, yaani 20. Zikifungwa 19, ni nani atakayejua? Mgonjwa akiletwa usiku kwa mtumbwi, akadaiwa "chai" kabla ya dawa, atabishana na nani? Atalipa tu. Kisha aliyepokea husema, "Ametoa mwenyewe." Hata Gehazi angeweza kusema hivyo.

Je, kila zawadi ni rushwa? La. Jirani akileta nazi kwa shukrani, tujiulize: asingeleta, tungemhudumia vile vile? Twaweza kuipokea mbele ya watu wote? Tena, je, maskini atakayekuja kesho ataogopa kufika mikono mitupu? Akiogopa, afadhali tuikatae kwa upole.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 huwashika mtoaji na mpokeaji. Lakini Mkristo hangoji TAKUKURU. Waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu (2 Wafalme 12:15).

Majirani zetu wengi ni Waislamu. Hawaji kanisani kusikia mahubiri. Imani yetu wanaiona katika mizani, daftari na zamu zetu. Tukiwatoza kama Gehazi, watadhani Bwana wetu ndiye aliyetutuma.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini Elisha alikataa zawadi?
2. Katika kazi yako, ni wapi mkaguzi hafiki?
3. Soma Luka 19:8. Ni nani tunayepaswa kumrudishia chake?

Tuombe: Ee Bwana, utupe mikono safi katika kazi zetu za kila siku. Amina.