SOMO LA KAZI YA MIKONO: KUCHAGUA UZI WA SHANGA



Wakati wa likizo wengi kati yetu tunatengeneza bangili, mikufu na mikaba ya shanga kwa kuuzisha, tupate kidogo cha kusaidia wazazi juu ya minervali. Shanga tunazichagua vizuri: rangi, ukubwa, kung'aa. Lakini uzi tunaokota ule uliobaki katika sanduku ya mama. Hapo ndipo kazi inaharibika, sababu mara nyingi kinachokatika si ushanga, ni uzi. Mnunuzi ambaye mkufu wake umekatika katikati ya ibada, shanga zikatawanyika chini ya viti, hatarudi kwetu. Tena ataambia wengine.

I. Mambo matatu ya kutazama mbele ya kununua

1. Tundu. Ushanga mdogo wa kioo iko na milimeta 2 hivi. Mkufu wa sentimeta 40 unaomba karibu shanga 200. Katika kazi nyingi uzi unapita mara mbili ndani ya tundu moja. Basi, tujaribu kwanza: ukipita mara mbili bila kulazimisha, unafaa. Tukilazimisha sindano, ushanga unapasuka. Lakini uzi mwembamba sana ndani ya tundu kubwa haufai vilevile: ushanga unachezacheza na kusugua uzi kila siku.

2. Makali. Shanga zingine, zaidi za kioo na za chuma, ziko na makali kwenye mdomo wa tundu. Tupitishe uzi ndani ya ushanga mmoja, tuuvute kwenda na kurudi mara 20. Uzi ukitoa manyoya, tutafute mwingine wenye nguvu zaidi, ao tuache shanga zile.

3. Kazi ya kitu chenyewe. Watu wa Kuba, kule Kasai, walishona shanga na simbi juu ya nguo za rafia. Kazi zao zingine ziko leo katika nyumba ya kumbukumbu ya Tervuren, Ubelgiji. Pale nguo inasaidia kubeba shanga. Lakini mkufu hauna nguo nyuma yake: uzi peke yake unabeba uzito wote. Na bangili ya mkono inakutana na maji, sabuni na jasho kila siku.

II. Nyuzi tunazozipata sokoni

Uzi wa pamba. Ni laini, unafunga fundo vizuri, bei yake ni ndogo. Adui yake ni jasho na unyevu: ukikaa umelowa unaoza. Unafaa kwa mapambo ya ukutani ao kwa nguo isiyofuliwa mara nyingi. Tuupake nta ya nyuki, usitoe manyoya upesi.

Uzi wa nailoni wa kusokotwa. Hauozi kwa maji, unapita kwa sindano, unalala vizuri shingoni. Unalegea kidogo, basi tuuvute kwanza mbele ya kutunga. Kwa mikufu na mikaba ya shanga ndogo, sisi tunauchagua huu.

Nailoni ya kuloba samaki. Ni ngumu, hauitaji sindano. Lakini inateleza, fundo moja linafunguka. Tena ikikaa juani siku nyingi inakauka na kuvunjika. Mkufu wake unasimama kama waya.

Elastiki. Ni ya bangili isiyo na kifungo, yenye shanga nyepesi. Nayo tuivute kwanza. Inachoka na wakati. Tusimdanganye mnunuzi kwamba itadumu miaka.

III. Namna ya kujua uzi

Muuzaji anaweza kusema “hii ni nailoni”, kumbe ni pamba. Tukate kipande kidogo, tukishike kwa koleo, mbali na nguo, tukiguse kwa moto. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Poliesta pia inayeyuka. Kidonge kile kinachoma sana, tusikiguse kwa vidole.

IV. Kumaliza kazi

Tunapofunga nailoni, tuzungushe ncha mara mbili mbele ya kukaza, kisha turudishe ncha ndani ya shanga chache. Kwa shanga kubwa, za milimeta 8 kwa mfano, tufunge fundo kati ya kila ushanga. Hivi uzi ukikatika, utapotea ushanga mmoja, si 50. Kazi hii inaomba uzi mara tatu ya urefu wa mkufu.

Mbele ya kuuzisha, tuvute kila mkufu kwa mikono miwili. Heri ukatike mbele yetu kuliko shingoni mwa mtu aliyetoa feza yake kwa kutuamini.

Maulizo
1. Sababu gani pamba haifai kwa bangili ya kila siku?
2. Mkaba wa sentimeta 80 wenye mistari 5 unaomba shanga ngapi za milimeta 2?
3. Leta kipande cha uzi wa kwenu, ukipime kwa moto mbele ya mwalimu.