Kuwafundisha Watoto Kupima Maoni ya Wahakiki

Filamu mpya itolewapo, wahakiki huandika magazetini, na wasomaji wengi huyapokea maneno yao kama hukumu iliyokwisha kukatwa. Mtoto wa darasa la sita hufanya vivyo hivyo: akisoma kuwa kitu ni kibaya, kwake ni kibaya.

Tuchukue mfano wa filamu ya Kimarekani, Bonnie and Clyde, ya mwaka 1967, ihusuyo vijana wawili wanyang'anyi wa mabenki. Bosley Crowther wa New York Times aliishutumu vikali kwa kuchanganya mauaji na mzaha. Pauline Kael aliitetea kwa makala ndefu katika New Yorker. Wa ajabu zaidi ni Joe Morgenstern wa Newsweek: aliiponda, akaenda kuitazama tena, na juma lililofuata akaandika kwamba hukumu yake ya kwanza haikuwa ya haki. Filamu ilikuwa ile ile.

Filamu yenyewe si ya kuonyeshwa watoto. Kisa cha wahakiki ndicho kitufaacho. Mwalimu aandike ubaoni: "Filamu ilitolewa mwaka 1967," na chini yake, "Filamu inasifu mauaji." Awaulize ni ipi yaweza kuthibitishwa kwa kumbukumbu, na ipi yadai sababu. Sentensi ya pili isiharakishwe. Kisha wasome hadithi fupi kitabuni na kuihakiki. Asemaye "Ni mbaya" aulizwe, "Ukurasa gani umekuonyesha hivyo?" Naye apewe muda wa kuutafuta.